Kuimba Kabla ya Kuona
Neno la Katibu kwa niaba ya kwaya, katika Yubilei ya Miaka 25



Kamati ya yubilei ilituomba tuandae neno fupi la imani, mbali na ripoti ya fedha, ambayo mweka hazina ataisoma kwa wakati wake. Tulikaa pamoja tukajiuliza, tuseme nini? Hatukutafuta mbali. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi huwa tunaulizana nia za maombi. Katika miezi hii nia hizo zimekuwa kama zinatoka kinywa kimoja. Mmoja anasubiri majibu ya vipimo vya hospitali. Mwingine mtoto wake amemaliza kidato cha nne na karo ya chuo haijulikani itatoka wapi. Wawili wamesomea ualimu, wana vyeti, na wamesubiri kuajiriwa hadi wadogo zao wamewakuta. Mama mmoja anaomba kijana wake aliye kazini ng'ambo apige simu. Maneno ni tofauti, swali ni moja: "Mungu ananipeleka wapi, mbona sioni njia?"

Basi leo tunataka kuzungumzia swali hilo. Hatuna majibu yote. Lakini miaka 25 ya kuimba pamoja imetufundisha jambo moja, nalo ndilo tunalowaletea kama zawadi ya yubilei: Mungu haonyeshi barabara yote kwa mara moja. Anaonyesha hatua inayofuata, na anatutaka tumsifu tukiwa bado njiani.

YUBILEI NI MWAKA WA KUTUMAINI

Neno lenyewe yubilei lina fundisho. Tukisoma Kitabu cha Walawi, sura ya 25, tunakuta kwamba watu wa Israeli waliamriwa kuipumzisha ardhi kila mwaka wa saba, na tena mwaka wa hamsini. Katika mwaka wa hamsini aliyeuza shamba lake alirudishiwa, na aliyekuwa mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Sisi huwa tunafurahia sehemu hiyo ya kurudishiwa. Sehemu ya kutopanda huwa tunaipita haraka.

Hebu tufikirie hapa kwetu. Mvua ya njahi imeanza, jirani zako wote wako shambani na majembe, na wewe unaambiwa usipande hata shina moja la maharagwe. Mkulima wa Mathira au Tetu angekubali? Hata wale Waisraeli walikuwa na wasiwasi, na Biblia haifichi. Sura hiyo hiyo inakiri kwamba watu wangeuliza watakula nini mwaka wa saba. Mungu hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwaahidi kwamba mavuno ya mwaka wa sita yangewatosha hadi mavuno mapya yafike.

Tuangalie vizuri jinsi ahadi hiyo ilivyo. Mungu hakusema atateremsha chakula siku ile ghala litakapokuwa tupu. Alisema atabariki kabla. Kwa hiyo mtu aliyeogopa mwaka wa saba alitakiwa kugeuka na kuhesabu alichopewa mwaka wa sita. Mara nyingi tumaini huanza hapo, kwa kukumbuka. Ndiyo maana tunafanya yubilei. Tunageuka tuone ghala.

WAIMBAJI WALIOTANGULIA MBELE YA ASKARI

Kuna habari nyingine katika Biblia ambayo kila kwaya ingefaa kuijua. Iko katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 20. Mfalme Yehoshafati wa Yuda alipata habari kwamba Wamoabu na Waamoni, pamoja na wenzao, wanakuja kumpiga, na jeshi lao ni kubwa. Biblia inasema wazi kwamba aliogopa. Alitangaza mfungo, akasimama mbele ya watu wote, wake kwa waume na watoto, akamwambia Mungu kwamba hawana nguvu, hawajui watakalofanya, ila wanamtazama yeye.

Viongozi wachache wangethubutu kusema hivyo hadharani. Sisi tukiwa na shida huwa tunajikaza, tunasema mambo ni sawa. Yehoshafati alianza kwa kusema ukweli. Kukiri kwamba hujui si kukosa imani. Inaweza kuwa ndiyo sala ya kwanza ya kweli ambayo mtu ameomba kwa muda mrefu.

Jibu la Mungu lilikuja kupitia Mlawi mmoja, Yahazieli, naye alikuwa wa uzao wa Asafu. Nao wana wa Asafu walikuwa ndio waimbaji wa Hekalu. Kwa maneno mengine, ujumbe ulitoka upande wa kwaya! Kesho yake asubuhi wakatoka kuelekea jangwa la Tekoa, na mfalme akawaweka waimbaji mbele ya askari. Hebu mwalimu wetu atuambie leo kwamba soprano watangulie na kayamba zao, na wenye mikuki wafuate nyuma. Wangapi wangefika mazoezini wiki ijayo?

Lakini walitangulia, wakaimba. Wakati wa kuimba kwao adui alikuwa bado bondeni. Sifa haikungoja ushindi. Na tukumbuke pia kwamba hawakubaki Yerusalemu wakingoja habari. Walitembea. Miguu ilikwenda na sauti ikaenda. Yale mawili yalikwenda pamoja, na bonde lile likaitwa Beraka, yaani baraka.

Vivyo hivyo Paulo na Sila katika gereza la Filipi, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Walikuwa wamepigwa, miguu imefungwa, ni usiku wa manane, na wao wanaomba na kumwimbia Mungu, wafungwa wengine wakisikiliza. Tetemeko lilikuja baadaye. Wimbo ulitangulia.

IMANI YETU ILIFIKA KWA NJIA ILIYOGEUZWA

Ndugu wapendwa, mtu asidhani mambo haya ni ya Biblia na ya nchi za mbali tu. Sisi Wakatoliki wa Nyeri imani yetu yenyewe ilitufikia kwa njia ambayo waliotutumia hawakuipanga.

Mtakatifu Yosefu Allamano alikuwa padre katika mji wa Torino, Italia. Alikuwa na afya dhaifu, na mwaka 1900 aliugua hadi karibu kufa. Alipopona, alianzisha Shirika la Wamisionari wa Consolata tarehe 29 Januari 1901, na miaka tisa baadaye, 1910, Shirika la Masista wa Consolata. Nia ya kwanza ya wale wamisionari ilikuwa kufika kwa Waoromo wa Ethiopia, mahali ambapo Kardinali Massaia alikuwa amefanya kazi miaka mingi. Njia ya huko haikufunguka kama walivyotarajia. Mapadre wawili na mabruda wawili wakapitia Kenya, na tarehe 28 Juni 1902 walifika Tuthu, Murang'a, wakapokelewa na Chifu Karuri wa Gakure. Kutoka huko kazi ikasambaa hadi huku kwetu Nyeri na pande zote za Mlima Kenya.

Yule aliyewatuma hakuwahi kuikanyaga Afrika. Alikufa mwaka 1926 akiwa Torino, akizisoma habari zetu katika barua tu. Tarehe 20 Oktoba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu. Leo watu wa Nyeri wanabatizwa, wanafunga ndoa na kuzikwa katika imani iliyopandwa na mtu ambaye hakuiona bustani yake. Lango moja lilifungwa, na sisi ni watoto wa lile jingine lililofunguliwa. Mtu akikuambia kwamba mpango ukivunjika Mungu amekuacha, mwambie aangalie Kanisa la Nyeri.

NYAATHA, JIRANI YETU WA GIKONDI

Halafu tunaye Mwenyeheri Sista Irene Stefani, ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alizaliwa Anfo, Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akafika Kenya mapema mwaka 1915. Alikuja akitaka kuwapelekea watu wa huku Habari Njema. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeanza, na maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Waliugua na kufa kwa wingi. Sista Irene akapelekwa kuwauguza, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Tujaribu kuvaa viatu vyake. Umeacha wazazi, umevuka bahari, umejiandaa kwa kazi fulani, na miaka yako ya kwanza unaimaliza katika hospitali za vita, katikati ya vidonda na homa, mbali na mahali ulipotumwa. Hakuna aliyeweza kumwambia vita vitaisha lini. Aliwaosha wagonjwa, akawalisha, akawafundisha dini wale waliotaka. Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake siku hiyo.

Mwaka 1920 alifika Gikondi, huko Mukurwe-ini, akaishi huko miaka kumi. Alifundisha shuleni, alitembelea wagonjwa kijiji kwa kijiji kwa miguu, na wazazi ambao watoto wao walikwenda mbali kutafuta kazi aliwaandikia barua na kuwasomea majibu. Sisi wa ofisi ya katibu tunalipenda sana jambo hilo! Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyekuwa na tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39.

Kwa macho ya kibinadamu, hayo ni maisha mafupi yaliyokatika. Lakini wengi wetu tulikuwepo tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam alipomtangaza kuwa Mwenyeheri kwa niaba ya Baba Mtakatifu. Na muujiza uliokubaliwa haukutoka Nyeri wala Italia. Ulitoka Nipepe, Msumbiji. Huko, Januari 1989, wakati wa vita, watu waliozingirwa ndani ya kanisa walimwomba Sista Irene, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha siku zote walizofungiwa. Yeye alikuwa amekufa zaidi ya miaka 58 kabla ya siku ile. Hakuijua Nipepe, lakini Mungu aliijua.

Masalia yake yako hapa mjini, katika Kanisa Kuu la Mama wa Consolata. Unapopita ukienda sokoni au stendi ya matatu, ingia dakika tano. Mpelekee nia yako ya kesho usiyoijua. Anaielewa.

MIAKA YETU 25

Sasa tugeuke tutazame ghala letu wenyewe. Kwaya yetu ilianza mwaka 2000, mwaka wa Yubilei Kuu ya Kanisa. Waliokuwepo wanakumbuka ulikuwa mwaka gani. Kiangazi kilikuwa kikali nchini, mabwawa yalipungua maji, na umeme ukagawanywa kwa zamu. Jioni ya mazoezi mara nyingi ilikuwa giza. Waanzilishi wetu walijifunza nyimbo kwa mwanga wa taa ya mafuta na koroboi, sauti ya kwanza na ya pili wakizunguka taa moja, ya tatu na ya nne wakizunguka nyingine. Hatukuwa na kinanda. Sare zilikuwa vitambaa vya shingoni tu.

Zaburi ya 119 inalifananisha Neno la Mungu na taa ya miguu. Waliozunguka koroboi wanaielewa Zaburi hiyo kuliko sisi tuliozoea swichi. Koroboi haimuliki hadi Karatina. Inamulika karatasi uliyoshika na uso wa aliye karibu nawe. Lakini ukitembea nayo, mwanga unatembea nawe. Hakuna aliyewahi kukataa kwenda nyumbani usiku kwa sababu taa yake haikuonyesha mlango wa nyumba tangu mwanzo wa safari.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na baada ya siku chache makanisa yakafungwa. Pasaka ya tarehe 12 Aprili ilipita bila sisi kuimba Aleluya kanisani, jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Jioni ya tarehe 27 Machi tulimwona Papa Fransisko kwenye runinga na simu zetu, amesimama peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akihubiri juu ya mitume waliokuwa katika dhoruba na Yesu amelala chomboni. Makanisa yalipofunguliwa Julai, ilikuwa kwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, na waliopita miaka 58 pamoja na watoto wa chini ya miaka 13 waliambiwa wabaki nyumbani.

Kwa kwaya yetu hilo lilikuwa pigo. Besi yetu karibu yote ilikuwa ya wazee. Walioanzisha kwaya kwa koroboi walifungiwa nje ya kanisa walilolijenga kwa harambee. Tulijiuliza kama kwaya itasimama tena. Tulichoweza kufanya kilikuwa kidogo. Kila Jumamosi jioni wachache wetu walirekodi wimbo mmoja kwa simu na kuutuma kwa wale wa nyumbani, na wajukuu wakawawekea cucu na guka wasikilize. Hatukujua tungerudi lini. Tuliimba bila kujua. Tuliporudi, wengine hawakurudi. Tunawakumbuka leo kwa heshima, na nia ya Misa hii ni yao pia.

Tuseme na lililo gumu zaidi, kwa sababu tusipolisema neno hili litakuwa la maneno matamu tu. Miaka fulani iliyopita mwenzetu mmoja kijana, mwimbaji wa sauti ya tatu, aliugua. Tulifanya novena. Tulifunga. Tulichanga pesa za matibabu. Tuliamini atapona. Hakupona. Siku ya mazishi yake tulisimama kando ya kaburi na sauti ya tatu haikusikika vizuri, kwa kuwa wenzake walikuwa wanalia. Mama yake ndiye aliyeanzisha wimbo uliofuata. Sisi tulimfuata tu.

Hadi leo hatujui kwa nini. Hatutamdanganya mtu kwamba tunajua. Lakini siku hiyo tulijifunza kutoka kwa mama yule kwamba kumtumaini Mungu si sawa na kuwa na hakika kwamba tutapewa tulichoomba. Ni kuwa na hakika juu ya yule tunayemwomba. Bwana wetu mwenyewe aliomba bustanini Gethsemane kikombe kimpite, na hakikumpita. Baba hakumwacha kaburini. Huo ndio msingi wetu, na hatuna mwingine.

JINSI YA KUTEMBEA BILA KUONA MBALI

Vijana watatuuliza: sasa tufanye nini Jumatatu asubuhi? Tumekusanya mambo manne ambayo kwaya imetufundisha.

Kwanza, chukua nota kabla ya kuimba. Mwalimu hutupa nota ya kuanzia, na anayeanza bila kuisikiliza huwaharibia wote. Nota yetu ni Neno la Mungu na Ekaristi Takatifu. Kabla ya uamuzi mkubwa, iwe ni ndoa, mkopo, kuuza shamba au safari ya ng'ambo, nenda kwanza mbele ya Sakramenti ukae kimya. Usiende huko baada ya kuweka sahihi.

Pili, sikiliza sauti za wenzako. Mwimbaji anayejisikia mwenyewe tu hawezi kujua kwamba ametoka kwenye ufunguo. Mungu hutuongoza kupitia wengine: mzazi, padre, jumuiya, rafiki anayesema ukweli. Jihadharini na mtu anayedai kwamba amefunuliwa maisha yako na anataka umtumie pesa ndipo akuambie. Wana wa Asafu hawakumtoza Yehoshafati kitu.

Tatu, imba sehemu yako. Anayeimba sauti ya nne haimbi wimbo wote. Peke yake nyumbani, sehemu yake inaweza kusikika kama haina maana. Jumapili zikikutana zote nne ndipo anaelewa. Wewe unayesubiri kazi, fanya iliyo karibu nawe kwa uaminifu. Fundisha watoto wa jumuiya kusoma, palilia majani chai ya nyumbani, jifunze ufundi. Kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kutuma maombi ya kazi wala kwenda hospitali kupimwa. Waimbaji wa Yuda walitembea hadi Tekoa kwa miguu yao.

Nne, heshimu kimya. Katika nota za solfa kuna mahali pa kunyamaza. Mwimbaji mgeni akifika hapo hufikiri wimbo umekwisha, au huingia mapema na kuaibika. Aliyekomaa hunyamaza akihesabu mapigo, kwa maana anajua wimbo unaendelea na zamu yake itafika. Kimya cha Mungu katika maisha yetu si mwisho wa wimbo. Hesabu mapigo na umtazame mwalimu.

Kwa wazazi tungeomba jambo moja. Msiwaoneshe watoto wenu tu siku mlizofaulu. Waambieni pia habari za miaka ambayo hamkujua mtakula nini na jinsi mlivyovuka. Cucu na guka waliopitia vijiji vya wakati wa hali ya hatari miaka ya hamsini wana ghala kubwa la mambo hayo, na linafungwa kimya kimya kila tunapozika mmoja wao. Kijana asiyejua Mungu alivyoongoza nyumba yake jana ataamini vipi habari ya kesho?

Nasi tunaoishi chini ya Mlima Kenya tuna mwalimu mwingine kila siku. Alfajiri mlima huwa wazi, Batian inang'aa. Saa nne asubuhi wingu limefunika, na mgeni aliyeshuka Chaka au Nanyuki mchana anaweza kuondoka akisema hakuna mlima. Mtu wa Nyeri hababaiki. Analima akiupa mgongo, na akiulizwa ulipo ananyoosha mkono moja kwa moja kwenye wingu. Hajauona leo, lakini aliuona jana, na babake aliuona. Imani yetu na iwe hivyo.

SHUKRANI NA HATUA INAYOFUATA

Tunamshukuru Baba Paroko na wote waliomtangulia kwa kutulea. Tunawashukuru waanzilishi, na wale mliosimama leo mkiwa na fimbo mkononi mjue kwamba sauti zenu bado zimo katika nyimbo zetu. Tunawashukuru walimu wa kwaya waliotufundisha bila malipo, akina mama waliotupikia siku za mazoezi marefu, wapiga kinanda na ngoma, na waumini wote mliotuvumilia hata siku tulizoingia kwa ufunguo wa juu mno.

Mwaka 2025 Kanisa lote lilikuwa katika Mwaka Mtakatifu, na tuliitwa Mahujaji wa Matumaini. Papa Fransisko aliufungua mlango wa yubilei hii usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, na hakuishi kuufunga. Alifariki tarehe 21 Aprili, siku moja baada ya Pasaka, na hija ikaendelea chini ya Papa Leo wa XIV. Kanisa halikusimama njiani. Hujaji mmoja hukabidhi fimbo, mwingine hupokea.

Na sisi pia tuna la kukabidhi. Hatujui kwaya hii itakuwaje baada ya miaka 25 mingine. Vijana wetu wengi wako Nairobi, Thika na ng'ambo kutafuta riziki. Siku nyingine mazoezini tunakuwa wachache kuliko viti. Hatutaficha hofu hiyo, kama vile Yehoshafati hakuificha yake. Lakini hatua inayofuata tunaiona, na tunaichukua: kuanzia Jumamosi ijayo saa nane mchana, tutaanza mazoezi ya kwaya ya watoto hapa kanisani. Wazazi, tuleteeni watoto hata kama hawajui kuimba. Wazee wa besi, njooni mkae nao mwafundishe nyimbo mlizojifunza kwa koroboi. Mengine tunamwachia Mungu, aliyetufikisha hapa.

Tumwombe: Ee Mungu Baba yetu, uliyemwongoza mtumishi wako Allamano na Mwenyeheri Irene katika njia wasizozipanga, utuongoze na sisi. Wape wanaosubiri nguvu ya kusubiri. Wape waliofiwa sauti ya kuimba tena kwa wakati wao. Tusipoona mbali, utupe mwanga wa hatua moja na moyo wa kuichukua. Tunaomba hayo kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Irene Nyaatha, utuombee. Mtakatifu Yosefu Allamano, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristu!